Toleo la Tano

Haroub alirudi kutoka Ofisi ya Matoleo akiwa Toleo la Tano, kwa jina Tausi Mtulivu, ingawa hakuwa na manyoya wala utulivu. Kisheria, kila mtu alikuwa na namba za toleo kama programu ya simu; ya kwanza ikibadilika, ahadi zake zote za nyuma hufutika, ndoa ikiwamo.

Kidawa, mkewe hadi asubuhi ile, alimtazama. Kitambi kilekile, kikohozi kilekile.

"Kilichobadilika nini, Baba Rahma?"

"Mambo ya ndani, bibie. Huwezi kuyaona."

"Basi ungebadilisha namba ya mwisho tu, ya marekebisho madogo, kama wenye haya."

Binti yao alitoka chumbani akamkimbilia baba. Haroub alirudi nyuma.

"Samahani," akamuuliza Kidawa kwa adabu, "huyu anaafikiana na toleo langu?"

Rahma alibaki na mikono wazi, akimsubiri mama ajibu.