Kamba ya Ng'ombe

Nabwile alikuwa ameshika flashi kwenye mashine ya dijei, tayari kuichomoa, wakati shujaa wake kwenye skrini aliporuka kutoka paa la ghala la mahindi.

Hii ilikuwa sehemu ya pili ya filamu ya karate aliyoitengeneza mwenyewe. Asubuhi hiyo gazeti la Nairobi lilikuwa limeandika kwamba kamba inayomwinua shujaa ingeonekana hata na kipofu. Ni kweli. Ilikuwa kamba ya katani ya kufungia ng'ombe wa baba yake kule Sirisia, na fundo lake lilimkaa shujaa kiunoni, nene kama ngumi.

Katika kibanda hiki cha video cha Kitale, filamu haiachwi ijisemee. Dijei hushika maiki na kuisimulia mwanzo hadi mwisho kwa utani wake. Kamba aliiona mara moja.

"Ati anaruka? Huyu ni ndama amekataa kuingia dipu ya kupe, bana."

Wachache wakacheka. Nabwile akafumba macho, akakaza vidole.

"Dijei," akasema mama mmoja wa benchi la mbele, kikapu cha sukuma wiki mapajani, "kamba si tunaiona? Hata sisi tuko na macho. Nyamaza tusikie vile anamwambia huyo mwizi wa mbolea."

"Na urudishe nyuma kidogo," mwingine akadakia. "Hapo pa kuruka."

Dijei akaweka maiki chini, akamgeukia Nabwile.

"Umesikia, madam. Toa mkono nirudishe."