Tundu la Mwisho

Kabla ya alfajiri, Bi Mashavu alisikia mkwaruzo darini. Popo walikuwa wanarudi. Alinyoosha mkono upande wa pili wa kitanda, ambako mumewe alizoea kusema, "Haya, wapangaji wako hao wasiolipa kodi," na kucheka peke yake. Shuka lilikuwa baridi. Hakulia.

Jioni, popo walipokwisha kutoka, bwana afya Sekiete alikuja na ngazi. Alimweleza tena, taratibu, kwamba kinyesi cha popo kilikuwa na kuvu, na ndiyo iliyomletea mzee ile homa iliyomuua, maana alikuwa akifagia dari bila kujifunika pua.

"Nimesikia, mwanangu."

Sekiete aliziba matundu kwa wavu hadi wavu ukamwishia. Likabaki tundu moja.

"Bibi, huna tambara lolote?"

Bi Mashavu aliingia chumbani, akamletea shati. Sekiete aliligeuza mkononi. Lilikuwa limepigwa pasi, na kola yake bado ilinukia udi. Akalikunja vizuri, akamrudishia. Kisha akavua koti lake la kazi, akalisokomeza tunduni.

"Hawarudi tena, bibi. Sasa utalala."

Bi Mashavu alitazama juu. Dari ilikuwa kimya.

"Na wewe utarudi lini?"

"Mbona kazi imekwisha?"

"Najua imekwisha," alisema, shati likiwa kifuani. "Wewe njoo tu. Njoo hata alfajiri, mwanangu, ubishe hodi kwa nguvu nisikie."