Skrubu za Upande wa Nje

Komeo la mlango lilikuwa upande usio wake. Fundi aliliona kabla hajatua begi la vifaa: chuma kinene kama kidole gumba, kimefungwa upande wa koridoni. Mtu akiwa ndani asingeweza kulifikia.

"Chumba chenyewe ndicho hiki," mwenye nyumba alisema, akasogea kumpisha.

Dirisha lilikuwa limezibwa kwa matofali, na plasta yake bado haijapigwa rangi. Sakafuni palikuwa na godoro. Hapakuwa na meza, kiti, kioo wala hata msumari wa kutundikia shati.

Fundi alikuwa amezoea watu kumfungulia mlango, kisha wakachungulia nyuma yake kumtafuta fundi mwanamume. Huyu hakufanya hivyo. Alimkaribisha kwa adabu, akambebea ngazi, akamwita "mama fundi". Adabu hiyo ndiyo iliyomtia wasiwasi zaidi, maana haikufanana na maswali yake.

"Kiyoyozi hiki kinapoza na kupasha joto pia?"

"Vyote viwili. Unageuza hapa tu."

"Na hewa ya nje inaingia? Mlango ukifungwa usiku kucha, mtu hatakosa pumzi?"

"Kuna kijitundu chake, unakifungua hivi. Kwani nani atalala humu?"

Mwanamume aliutazama ukuta. "Mtu wa nyumbani."

Kisha akaongeza, taratibu, kama anayeomba maji ya kunywa: "Skrubu za kuishikilia mashine zikae kwa nje. Nisingependa mtu aliye ndani aweze kuitoa."

Fundi aliwasha drili.

Alitoboa ukuta, akapanua tundu kwa patasi, akaingiza kasha la bati na kuliinamisha kidogo kuelekea nje ili maji yasirudi chumbani. Mikono ilikuwa kazini, macho yalikuwa mlangoni. Mke wa mwenye nyumba alipita amebeba ndoo. Mkono wake wa kushoto ulining'inia kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni, na kwenye ngozi ya shingo, juu ya kitambaa hicho, zilionekana alama za vidole, zimeanza kugeuka manjano.

Mume alipotoka kwenda kuleta saruji ya kuzibia pembeni, fundi alimfuata mke jikoni.

"Dada, mkono umefanyaje?"

"Nilianguka."

"Na shingo nayo ilianguka?"

Mke aliendelea kusuuza sahani kwa mkono mmoja. "Mume wangu ni mtu mwema," alisema hatimaye. "Mchana hana neno na mtu."

Fundi alijimalizia yale ambayo hayakusemwa. Walevi wengi mchana hawana neno na mtu. Dada yake mkubwa naye alikuwa na mume wa namna hiyo, na majibu mafupi ya namna hiyo, mpaka siku walipokwenda kumchukua kwa machela, wakakuta wamechelewa.

"Nisikilize," alinong'ona. "Mashine inaingia ndani ya kasha kama mtoto wa meza. Nisipoikaza, ukiisukuma kwa miguu inatokea uchochoroni. Chini si mbali, utapita."

Sahani ilimponyoka mke ikavunjika. "Usifanye hivyo. Kaza zote."

"Hatajua."

"Kaza, dada. Nina mtoto mchanga amelala hapo chumba cha mbele. Kama una huruma naye, kaza mpaka zisikazike tena."

Fundi alimsaidia kuokota vigae. Hofu ya mume, aliwaza, humfanya mtu ajifungie mlango mwenyewe.

Saruji ilipoletwa akaziba pembeni. Kisha akapanda ngazi uchochoroni, akazichomeka skrubu kwenye matundu yake bila kuzikaza, ilimradi macho yaridhike. Aliporudi ndani akawasha mashine. Baridi ikaja. Akageuza, joto likaja. Mume alisimama mbele yake ameinamisha kichwa, kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Imekaza?"

"Imekaza," fundi alisema, na ulimi haukumtetemeka.

Hakuweza kula alipofika kwake. Alimweleza kaka yake, kaka akachukua ufunguo wa gari bila kuuliza mara mbili. Taa za mtaa zilipowaka, gari lilikuwa linangoja kwenye kona, na fundi alikuwa uchochoroni nyuma ya nyumba ile, ngazi mkononi. Alijiambia atasubiri hata kama ni mpaka kuche. Safari hii hatachelewa.

Hakusubiri sana. Mlango ulifungwa. Komeo likasaga chuma juu ya chuma, zito, mpaka mwisho wake. Nyayo zikaondoka koridoni. Mashine ikawashwa, ikaanza kunguruma.

Fundi aliegemeza ngazi ukutani, akapanda, akaweka mdomo karibu na wavu wa kiyoyozi.

"Dada," alinong'ona. "Ni mimi, fundi. Sikukaza. Sukuma taratibu, nitaipokea."

Ndani mtu alikohoa, akasogea karibu. Sauti iliyojibu ilikuwa ya mume, ya upole vilevile kama mchana.

"Mke wangu yuko mbele na mtoto, mama fundi. Ndiye aliyenifungia. Nakuomba, zikaze upesi, kabla usingizi haujanichukua."