Mlinzi Mwenye Macho Mekundu

Mbwana alirudishwa tena getini. Msimamizi wa hoteli kule Diani aliyatazama yale macho yake mekundu, yanayochuruzika, akamwambia hataki walinzi wanaovuta bangi. Akija hivyo mara nyingine, kazi aisahau.

Bangi. Mtu ambaye hata sigara hajawahi kuishika.

Nyumbani Kinondo mkewe, Esha, hakumwonea huruma. Alikuwa mlangoni akikaanga bajia za kuuza, ameliinamia karai, moshi wa kuni mbichi umemfunika uso, kikombe cha maji kando yake kama kawaida.

"Hii ni sukari, mama Ummi," Mbwana akasema huku akijifuta. "Marehemu mama ilimwanza machoni."

"Hiyo ni deko," Esha akajibu. "Mimi nashinda motoni, umeniona nikilia? Hata kitunguu hakiniwezi."

Lakini bajia peke yake hazisomeshi mtoto, na kazi ya Mbwana ikipotea haipatikani nyingine. Asubuhi yake Esha akamkokota mumewe hadi zahanati, mwenyewe amenuna njia nzima. Chupa ya maji aliyobeba Esha iliisha kabla hawajafika, akanunua nyingine pale kwenye foleni.

Daktari, binti mdogo mwenye adabu zake, aliwaamkia shikamoo, akamtoboa Mbwana kidole, kisha akammulika macho.

"Huna sukari, baba. Wenye sukari ya muda mrefu macho yao hukauka, mwishowe yakafa ganzi, hata mchanga ukiingia wasihisi. Yako yanawasha na yanalia. Huo ni moshi tu."

Esha alipandwa na hasira. Asubuhi nzima imepotea, unga wa dengu unachacha nyumbani, halafu aambiwe kosa ni la moto wake.

"Moshi gani, mwanangu? Moshi huo mimi ndiye ninayeupata kwanza, na chozi halinitoki. Huyu ni mlegevu, basi."

Daktari alimtazama kidogo. Akasokota ncha ya pamba ikawa nyembamba, akamwomba na yeye akae kitini, atazame juu.

Esha akatazama juu. Akangoja, mikono kifuani, mpaka subira ikamwishia.

"Haya, niguse na hiyo pamba yako, tuondoke," akasema.

Mbwana alikuwa ameacha kujifuta. Pamba ilikuwa imelala juu ya jicho la mkewe, na ukope haukutikisika.