Vidole Vitano Mchangani

Vidole vilikuwa vitano, na vyote vilielekea kwenye kamera.

Msoma picha aliikuza picha ile, akairudisha ilivyokuwa, akajikuta ameshikilia meza kwa mikono miwili. Ulikuwa unyayo mdogo, mtupu, wa mguu wa kulia. Umezama vizuri kwenye mchanga mwekundu, mbele kidogo ya gurudumu la Kurwa, kama wa mtu aliyesimama kumtazama.

Kurwa lilikuwa jina la utani la gari la roboti walilolituma kwenye sayari ile. Pacha wake, Doto, hakusafiri. Alibaki uani, nyuma ya jengo, kwenye uwanja wa mchanga mwekundu uliopangwa mawe yafanane na yale anayoyaona mwenzake. Kila amri ya Kurwa ilijaribiwa kwanza kwa Doto, na picha za wote wawili ziliingia kwenye kompyuta zile zile.

Kurwa alipewa kazi tatu. Ajue kama maji yaliwahi kutuama kwenye bonde lile. Asome miamba yake ilivyojijenga. Na ya tatu, ambayo Profesa aliitaja kwa sauti ya chini kila mara: atafute kama kuna chochote kilichowahi kuishi huko.

"Dada, mbona umekauka hivyo?" Dereva aliuliza kutoka meza ya pili. Walimwita Dereva kwa sababu ndiye aliyemwendesha Kurwa, ingawa gari la kawaida lilimshinda hata kulitoa kwenye maegesho. Akasogea, akatazama.

"Mama yangu," alisema.

Profesa alikuja na kalamu yake sikioni. Alisimama nyuma ya viti vyao, na walipogeuka walimwona kidevu kinamtetemeka. Aliagiza Kurwa asimamishwe hapo hapo. Kisha akapiga simu waandishi wa habari waitwe.

"Una hakika hii si ya Doto?" Dereva alinong'ona Profesa alipotoka. "Jina la picha linasema Kurwa. Lakini hata lile jiwe lilisema Kurwa."

Nani angelisahau lile jiwe? Picha zilichanganyika, na jengo zima likashangilia jiwe la ajabu kutoka sayari nyingine, ambalo Profesa mwenyewe alilinunua kwa wauza kokoto aliweke kwenye uwanja wa Doto.

Msoma picha aliifunga ile picha haraka. Kwa sababu jana alikuja kazini na mwanawe.

Haikuruhusiwa. Lakini shangazi mtu aliamka na homa, na hapakuwa na mwingine wa kumwachia. Mtoto waliyemwita Kwanini, kwa wingi wa maswali yake, alikuja na viatu vipya alivyonunuliwa na huyo shangazi. Njia nzima alikuwa akigeuka nyuma kutazama maua ambayo soli zake ziliyaacha vumbini. Mama alimkalisha kwenye kibanda cha uani, akampa kalamu za rangi, akaingia ndani mara moja tu. Aliporudi alimkuta katikati ya mchanga, amekumbatia gurudumu la Doto.

"Mama, kwa nini Kurwa yuko huko mbali peke yake? Haogopi?"

Alimbeba juujuu wakatoka, hakutazama hata nyuma. Jioni, alipomwogesha, mchanga mwekundu ulitoka katikati ya vidole vyake vidogo. Nitafagia kesho, alijiambia. Na leo asubuhi Doto alikuwa ameshapiga picha zake za majaribio.

Sasa viti vilikuwa vinapangwa ukumbini. Akisema, kazi imekwenda, na kwao hapakuwa na mshahara mwingine. Akinyamaza, mzee wa watu atasimama mbele ya dunia nzima kutangaza mguu wa Kwanini.

Alimkuta Profesa mbele ya kioo cha korido.

"Profesa."

"Subiri, binti yangu, hii tai inanitesa. Hebu nisaidie."

Aliishika tai.

"Ule mguu ni wa mwanangu. Jana nilikuja naye. Nilimkuta mchangani, kwa Doto. Nisamehe, baba."

Profesa hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Aliivua tai polepole, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Ya kwako wewe tutaongea kesho," alisema mwishowe. Alionekana amezeeka ghafla. Waandishi waliombwa radhi wakarudishwa njiani, na yeye akarudi na msoma picha kwenye meza ya Dereva.

"Mwache Kurwa aendelee na safari yake."

"Njia ile ile? Apite hapo hapo mbele?"

"Apite. Kuna nini pale cha kukwepa?" Kisha, bila kumtazama msoma picha: "Na wewe kachukue ufagio."

Uani kulikuwa kimya. Doto alisimama mahali pake, shingo ndefu, jicho la kioo limeelekezwa mlangoni. Msoma picha alifuta machozi kwa mkono wa shati. Aliona haya, na bado aliogopa, lakini kifua kilikuwa kimefunguka kidogo. Angalau ukweli ulikuwa umesemwa.

Dirisha la juu lilifunguka.

"Dada, usijitese sana!" Dereva alipaza sauti, akijitahidi kuchekesha. "Hata Kurwa anakusaidia kufuta! Amri imeshatoka, na hiyo hairudi tena!"

Alimpungia mkono. Akainama na ufagio wake kwenye alama ya kwanza.

Ua la soli.

Alisogea kwenye ya pili. Ua. Alipiga magoti, akazifuata zote kwa kidole kutoka kibandani hadi kwenye gurudumu la Doto, akarudi, akazunguka kila jiwe. Mchanga mzima ulikuwa na maua, bila kidole hata kimoja.