Pasi ya Nyanzala

Kocha Mbaruku wa timu ya mpira wa kikapu alikuwa na neno moja tu kwa Nyanzala, msichana aliyewapita wenzake wote kichwa na mabega: "Simama chini ya goli, mama. Inua mikono. Mengine waachie wenye akili ya mpira."

Basi akasimama, msimu mzima, akidaka mipira waliyokosa wenzake na kuwarudishia. Kumbe mikono ile ilijua kutoa pasi kuliko yote pale timuni, ila hakuna aliyeiuliza.

Siku ya fainali, wakiwa nyuma kwa pointi mbili na muda ukiyoyoma, miguu yenyewe ikamtoa mpaka kwenye mstari wa adhabu. Akapewa mpira. Kutoka kule juu aliuona uwanja wote, kama mtu aliye dirishani ghorofani. Akamwona mwenzake Rehani, mdogo wa mwili, akichomoka nyuma ya beki kuelekea golini, peke yake. Akampa. Pasi laini, ya kuwekwa kiganjani.

Rehani hakugeuka. Nani alikuwa na desturi ya kumtazama Nyanzala? Mpira ukampiga begani, ukatoka nje, na watazamaji wakaangua kicheko.

"Toka," kocha akasema. "Nilikwambia nini? Nguzo haitumwi sokoni."

Nyanzala akakaa kwenye benchi. Mchezo ukaendelea. Rehani akachomoka tena, njia ile ile, na safari hii akageuza shingo, mikono wazi, akitazama kwenye mstari wa adhabu, mahali ambapo hapakuwa na mtu.