Mto wa Kicheche Mshauri

Mniwie radhi, hekaya hii nitaiharibu. Mwenzangu anayeijua vizuri ana mafua.

Kanga alikuwa na kapu la mayai na roho juu. Masika yanabisha hodi, kiota kinavuja, naye anatafuta mshauri wa kumtunzia akiba yake. Akaliacha kapu nyumbani, mbio mpaka ofisini kwa Kicheche, mvaa tai.

“Karibu, mama. Lete kapu moja, masika yakiisha uondoke na mawili,” alisema Kicheche. “Kalia mto huo, ustarehe.”

Kanga akakaa. Mto ulikuwa laini ajabu.

“Na wateja wako wa zamani, bwana, naweza kuwasalimu?”

“Wamo humu humu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika.”

Kanga akatupa jicho chini. Kwenye mshono wa mto lilichomoza nyoya jeusi la madoa meupe, kama la marehemu shangazi yake.

“Nisubiri, bwana, nikalilete kapu,” akasema, akatoka bila kugeuka nyuma.

Akaenda kwa Nungunungu, mla mizizi mwenye kununa. Barazani walijaa kuku wakifoka: chumba kina joto, ada kubwa, mwenyewe hata salamu hana.

“Mbona wateja wako wanalalamika hivi?”

“Kwa sababu wako hai,” akajibu Nungunungu.

Kanga akamletea mayai yote, kisha akajiunga na wenzake kulalamikia joto.

Kama hamkushtuka mapema, kosa ni la msimulizi: mimi mwenyewe nilishampa Kicheche kapu langu tangu nilipoiona ile tai.